India kwa mara ya kwanza, usiku 12, tunatua Mumbai: nifute wapi nibakishe wapi?

Msafiri Mgeni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo, ila tafadhali asiniambie mtu kwamba "India yote ni nzuri". Hilo nimeshaambiwa mpaka nimechoka.

Mimi na mke wangu tunakwenda India mapema Februari. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Tiketi za ndege nimeshakata, kwenda Mumbai na kurudi kutokea Mumbai, siku 14 kwenye kalenda. Nimesoma wiki tatu usiku na mchana na orodha yangu imefikia hapa: Mumbai, Goa, Hampi, Kerala, Delhi, Agra, Jaipur, Varanasi, na muda ukiruhusu Amritsar kwenye Hekalu la Dhahabu. Nikiunganisha kwa kalamu kwenye ramani inaonekana kama njia ya mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Kila nikitaka kufuta moja nakuta mtu kaandika kwamba ukikosa hapo hukufika India. Taj Mahal haiguswi, ni kwa ajili ya mama watoto. Hayo mengine fyekeni mnavyotaka. Hoteli tunataka safi tu, si ya kifahari. Treni tunapanda bila wasiwasi.

Naomba kuwasilisha.

Kiti cha Dirishani

Nimevuta kiti. Waje wajuzi.

Nyota ya Asubuhi

Mkuu, mara ya kwanza usijifanye mjanja. Delhi, Agra, Jaipur, basi. Watu wanaiita pembetatu kwa sababu umbali unakubali: Delhi hadi Agra ni kama kilomita 230 kwa barabara, Agra hadi Jaipur kama 240, kisha unarudi Delhi kilomita 270 na kitu. Kila mguu ni nusu siku. Katikati ya Agra na Jaipur unashuka Fatehpur Sikri, mji aliojenga Akbar karne ya 16 kisha ukaachwa mtupu, na mpaka leo kuta zimesimama kama wenyewe wametoka jana.

Ila nisikilize vizuri hapa: Taj Mahal Ijumaa inafungwa kwa watalii. Mimi nilifika Agra Alhamisi usiku, na aliyenipangia safari alijua ratiba yangu yote na hakunong'ona neno. Ijumaa nzima nikakaa ng'ambo ya mto, kwenye bustani ya Mehtab Bagh, nikiitazama kwa mbali kama mkwe aliyezuiwa mlangoni. Jioni nikaondoka. Hata ile treni ya haraka ya Gatimaan inayotoka Delhi haitembei Ijumaa, hiyo peke yake ingetosha kunistua kama ningeisoma ratiba.

Kiingilio cha mgeni nililipa rupia 1,100, na 200 juu yake kama unataka kuingia ndani penye makaburi. Lipa hizo 200.

Binti Kisiwani

Nyota, pole kwa Ijumaa yako, nimecheka wallahi.

Mie nasema Kerala. Watu wa pwani tukifika kule hatuulizi njia: minazi, samaki wa nazi, mvuvi anarekebisha wavu, wali asubuhi mpaka usiku. Fort Kochi zipo nyavu kubwa za Kichina zinazoteremshwa majini kwa mizani ya mawe. Sinagogi la Mattancherry ni la 1568. Na Vasco da Gama alifia hapo Kochi mwaka 1524. Yule tuliyesomeshwa shuleni kwamba alipita Malindi 1498 akapewa nahodha wa kumvusha hadi Calicut, basi mwisho wake ulikuwa kule. Ukisimama ndani ya kanisa la Mtakatifu Francis alipozikwa mwanzo (mifupa walikuja kuihamishia Ureno) unapata hisia za ajabu kidogo kwa mtu wa huku kwetu.

Ukitoka Kochi unapanda Munnar kwenye mashamba ya chai, kilomita 130 tu lakini saa nne na zaidi maana barabara ni kona tupu. Kisha unashuka Alappuzha kulala kwenye boti. Usiku mmoja wa boti unatosha, wa pili utahesabu mbu.

Mzee wa Behewa

Mleta uzi, nimesoma orodha yako mara mbili. Mimi ni mtu mzima, nimezunguka nchi hiyo kwa treni mara tano kwa nyakati tofauti, na safari ya kwanza nilifanya haya unayotaka kufanya. Nilirudi na picha nyingi na sikumbuki mji hata mmoja sawasawa. Nakumbuka majukwaa ya stesheni.

Acha kuhesabu siku. Hesabu usiku, kama ulivyoandika kwenye kichwa cha uzi halafu ukasahau. Una usiku 12. Wa kwanza unatua umechoka, wa mwisho lazima uwe Mumbai maana ndege ya kimataifa haikusubiri. Umebaki na 10. Kila unapohama mji unapoteza nusu siku ikiwa karibu, siku nzima ikiwa mbali: kufungasha, kwenda stesheni, safari yenyewe, kutafuta hoteli. Miji tisa ni kuhama mara tisa. Fanya hesabu mwenyewe uone kama umebakiwa na mchana wa kuona chochote.

Nchi ile ina kilomita za mraba milioni 3.29. Mumbai hadi Delhi kwa treni ya haraka ya Rajdhani ni saa kama 16, na hizo ni za haraka. Delhi hadi Thiruvananthapuram kule mwisho wa Kerala ni zaidi ya saa 40. Kwa hiyo mtu akikuandikia "Delhi, Varanasi na Kerala" kwa wiki mbili anakuuzia viwanja vya ndege.

La pili, ambalo naona wengi hamlitazami. Ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na watu wanaotua Delhi. Ndiyo maana pembetatu ya Nyota inaonekana kama sheria. Wao mlango wao uko pale. Sisi ndege za moja kwa moja kutoka Dar na Nairobi zinatua Mumbai, mlango wetu uko magharibi. Ukitua Mumbai ukakimbilia Delhi, ukazunguka, ukarudi Mumbai, umelipa nauli mbili za ndani na siku mbili kwa sababu ya ramani ya mtu mwingine. Kama ungeuliza kabla ya kukata tiketi ningekwambia uingie mlango mmoja utokee mwingine: Mumbai kuingia, Delhi kutoka, au Kochi. Hilo limeshapita.

La tatu ni mwezi, na hapa Februari inakuponza. Mtu wa Julai mvua inamchagulia. Mtu wa Mei joto la Delhi linamchagulia, linafika nyuzi 45. Wewe mwezi wako karibu kila jimbo lipo vizuri: kusini hakuna mvua, jangwani kuna baridi ya asubuhi tu, na ule ukungu wa kaskazini unaochelewesha treni mwishoni mwa Desemba na Januari unakuwa umeanza kuisha. Ndiyo maana huwezi kufuta. Hakuna kinachokukataza.

Kwa hiyo jiwekee mkasi mwenyewe: chagua upande mmoja ambao ukiamka Mumbai asubuhi unaufikia kwa treni kabla ya jua kuzama.

Kiti cha Dirishani

"Picha nyingi na sikumbuki mji hata mmoja." Mzee umenigusa, mimi hivyo hivyo, ila nchi tofauti.

Nyota ya Asubuhi

Mzee shikamoo. Nakubali hoja ya mlango, lakini Mumbai hadi Delhi kwa ndege ni saa mbili na dakika chache. Asubuhi unaruka, mchana upo Delhi. Na tuseme ukweli, ukirudi nyumbani kutoka India bila picha ya Taj utaulizwa na kila mtu mpaka uchoke.

Mzee wa Behewa

Marahaba Nyota. Saa mbili za angani, saa tano za barabarani na kwenye foleni ukijumlisha pande zote. Lakini sibishi, pembetatu inawezekana kwa usiku wake: Delhi mbili, Agra mbili, Jaipur tatu, na itakuwa safari nzuri. Ninachopinga ni kuijumlisha na Kerala na Hampi.

Kuhusu kuulizwa: anayeuliza hakulipa nauli.

Binti Kisiwani

Msafiri, mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Umesema Taj "ni kwa ajili ya mama watoto". Yeye mwenyewe amesema anaitaka? Au wewe umemwamulia?

Msafiri Mgeni (mleta uzi)

Binti, swali gumu. Nilimwamulia. Nilidhani kila mwanamke... basi, sitamalizia hiyo sentensi. Nitamuuliza leo jioni.

Mzee, nimefanya hesabu yako kwenye karatasi. Kwa orodha yangu ya miji tisa nimebakiwa na michana mitatu na nusu ya kutembea. Nimeona aibu. Hebu niambie, huo upande wa magharibi una nini? Kwenye kusoma kwangu kote sikukutana nao.

Mzee wa Behewa

Hukukutana nao kwa sababu upo nje ya njia ya wale wa Delhi. Nakupa jimbo moja, Gujarat, na ndani yake wilaya moja, Kutch.

Mumbai unapanda treni asubuhi, safari ya saa tano na nusu hadi sita na kitu, upo Ahmedabad. Mji wa zamani wa Ahmedabad uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2017, wa kwanza India kupata hadhi hiyo kama mji. Kuna vichochoro vya nyumba za mbao zilizochongwa ambavyo mtu wa Mji Mkongwe au wa Lamu atavitembea bila ramani. Na katikati ya magari na kelele kuna msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed, wa mwaka 1572 au 1573. Madirisha yake ya jiwe yamechongwa mti wenye matawi yaliyosukana mpaka huamini ni jiwe. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi. Nenda jioni, jua likiwa nyuma ya dirisha.

Hao Wasidi ni watu wenye asili ya Afrika, wapo mpaka leo, wana vijiji karibu na msitu wa Gir, na ngoma yao wanaiita goma. Neno ni lako. Huko Gir ndipo walipobaki simba wa Asia peke yao porini, ila wewe unatoka nchi ya simba, sioni haja ya kuchoma usiku wako hapo. Na nakuomba sana usiende kijijini kwa Wasidi kama mtu anayekwenda kutazama maajabu. Ukialikwa, nenda.

Ahmedabad hadi Bhuj ni saa kama sita kwa treni ya mchana. Bhuj ndiyo makao makuu ya Kutch, wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba zaidi ya 45,000. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliuvunja mji huo na ukajengwa tena. Kutokea hapo, weka kituo kimoja na uzunguke kama mkono wa saa, kila jioni unarudi kitanda kile kile. Kusini kilomita 60 ni Mandvi, mdomoni mwa mto Rukmavati, ambako mafundi bado wanaunda majahazi ya mbao kwa mikono, makubwa kama nyumba ya ghorofa, wima pale ufukweni na harufu ya mbao na mafuta. Zile kotia walizokuwa wakizisimulia wazee wetu, zilizokuja na kaskazi na kurudi na kusi, nyingi zilitoka bandari hizi. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Zanzibar ya zamani nyumbani kwao ni Kutch. Nilikaa pale Mandvi saa tatu nikimtazama fundi akikalafati, akinitazama, tukiwa hatuna lugha hata moja ya pamoja.

Kaskazini kuna Rann, jangwa la chumvi nyeupe hadi upeo wa macho. Kibali cha kuingia unakichukua njiani, beba pasipoti na nakala zake. Sasa angalieni ujinga wangu: mara ya kwanza nilikwenda Rann mwezi Julai. Ile chumvi ni ziwa wakati wa mvua! Dereva alinipeleka mpaka ukingoni, akazima gari, tukatazama maji. Rupia zake nikamlipa, hana kosa. Nenda kati ya Novemba na Februari, na wewe upo ndani ya muda.

Angalizo dogo: Gujarat pombe ni marufuku, mgeni anaweza kuomba kibali. Na vyakula vingi havina nyama.

Kiti cha Dirishani

Mzee umeuteka uzi.

Likizo ya Julai

Naombeni nidandie hapo hapo. Mimi mwalimu, likizo yangu ndefu ni Juni na Julai, sina uchaguzi. Ina maana India nisahau?

Binti Kisiwani

Usisahau, geuza ramani. Mvua kubwa inagonga Kerala karibu na tarehe mosi Juni, siku kumi hivi baadaye ipo Mumbai, mwisho wa Juni inafika Delhi. Ni kusi yetu hiyo hiyo, ikivuka ikweta inapinda na kuwaangukia wao. Sehemu inayopona ni nyuma ya milima ya Himalaya: Ladakh. Mvua haifiki, na barabara zinazozibwa na theluji miezi mingi ndiyo zimefunguka.

Lakini Leh ipo mita 3,500 juu ya bahari. Dada yangu alitua kwa ndege, akaenda sokoni siku hiyo hiyo kwa furaha, usiku kichwa kikataka kupasuka. Siku mbili za kwanza lala, kunywa maji, tembea kama bibi harusi. Bonde la Nubra na ziwa Pangong yanataka kibali, usifunge ratiba yake siku ya pili.

Muuguza

Habari zenu. Mimi naenda si kwa kutembea, nampeleka mama kwa matibabu Chennai, Oktoba. Daktari akituruhusu tutakuwa na siku tano kabla ya ndege. Ndugu wananiambia tukimbie mara moja Agra, mama aione Taj kwa kuwa hatarudi tena India. Mnasemaje?

Mzee wa Behewa

Mwanangu, Mungu amponye mama.

Usimpeleke Agra. Chennai na Agra ni ncha mbili za nchi, na mgonjwa aliyetoka hospitali leo hapaswi kuwa mbali na daktari wake kesho. Mahabalipuram ipo kilomita chini ya 60 kusini mwa Chennai, kwa gari ni saa moja na nusu hivi. Kuna hekalu la jiwe ufukweni kabisa, la karne ya 8, na mahekalu yaliyochongwa kutoka mwamba mmoja mmoja. Mama anaweza kukaa kivulini akasikia bahari. Akiwa na nguvu, Puducherry ipo kilomita kama 150, mji uliokuwa chini ya Wafaransa mpaka 1954, mitaa imenyooka na kimya, ana pa kutembea bila kusukumwa.

Ila Oktoba mpaka Desemba ndiyo mvua za upande huo, tofauti na sehemu kubwa ya nchi. Mwavuli, na usilipe kitu ambacho hakirudishwi.

Muuguza

Asante sana mzee wangu. Nimeonyesha ndugu ujumbe huu, wametulia.

Nyota ya Asubuhi

Nyongeza kwa wote: viza ya mtandaoni ombeni kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, zipo nyingi za kuiga zinazotoza mara dufu. Na cheti cha homa ya manjano. Ukitoka nchi iliyo kwenye orodha yao, kama Kenya, Uganda au Kongo, chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya kufika, la sivyo unaweza kuwekwa karantini. Wale wa siku tano mtazimalizia humo ndani.

Msafiri Mgeni (mleta uzi)

Wakuu nimerudi. Nilimpa mama watoto simu ausome uzi wote kuanzia juu. Kasoma kimya dakika ishirini.

Taj Mahal hana haja nayo. Anasema kaiona kwenye kalenda tangu utotoni na inamtosha. Alipofika kwa Mzee kuhusu Kutch akaniuliza kama huko ndiko wanakotengeneza zile nguo za kufungafunga na nyuzi kabla ya kutia rangi. Mimi sijui. Akatafuta mwenyewe. Kumbe ndiko, zinaitwa bandhani, na kuna kijiji karibu na Bhuj, Ajrakhpur, wanapiga chapa za mbao kwenye kitambaa kwa rangi za asili, na kilianzishwa na mafundi waliohama baada ya tetemeko lile la 2001. Huyu mwanamke ana sanduku zima la khanga, miaka kumi na moja ya ndoa, na mimi nilikuwa nampeleka kaburini kwa malkia wa watu.

Ratiba sasa: Mumbai usiku 2, Ahmedabad 3, Bhuj 5, Mumbai tena 2. Miji mitatu. Nilitaka kupenyeza mapango ya Ajanta na Ellora humo, akaniambia weka chini kalamu.

Binti, asante kwa lile swali. Kerala tumeiandika kwenye ukurasa mwingine.

Binti Kisiwani

Msalimie sana. Mwambie aache nusu ya sanduku tupu wakati wa kwenda.

Nyota ya Asubuhi

Nimeshindwa kwa heshima. Ajanta na Ellora siku mkienda kumbukeni moja inafungwa Jumatatu na nyingine Jumanne, nisije nikapata mwenzangu.

Mzee wa Behewa

Vizuri. Bhuj usiku tano utaona ni nyingi siku ya kwanza na chache siku ya nne.

Tiketi za treni zinafunguliwa siku 60 kabla, saa mbili asubuhi kwa saa zao. Kwako wewe hiyo ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ya Mumbai hadi Ahmedabad chukua viti vya kawaida vya mchana vyenye kiyoyozi, huhitaji kitanda. Ukiona imeandikwa orodha ya kusubiri usilipe ukijipa moyo, tafuta treni nyingine ya siku hiyo, zipo nyingi.

Msafiri Mgeni (mleta uzi)

Kengele nimeweka saa kumi na moja kamili. Yeye kaweka ya kwake saa kumi na robo tatu, anasema haniamini.